Namba za gari la marehemu mume wangu zimegonga mtu

Jumapili

Kwako Admin, na ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu,

Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, naishi huku milimani Lushoto, nina watoto watatu. Mume wangu amefariki, huu ni mwaka wa pili. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie nikikosea kuandika.

Mume wangu alikuwa na pikapu ya kijani ya kushushia mboga Mombo. Kila asubuhi kabla hajaondoka alichukua kitambaa chenye maji akafuta namba za gari, ya mbele na ya nyuma, maana tope letu jekundu linaganda. Nilikuwa namtania, "Baba Zaina, unalinawisha gari uso?" Ananijibu, "Trafiki asiposoma namba atadhani nimejificha. Mimi nimejificha nini?" Namba ya nyuma ilipinda kona siku aliporudi kinyumenyume akagonga geti kule Gare. Aliinyoosha kwa jiwe, lakini alama ilibaki.

Aliugua siku tatu tu akatutoka. Rafiki yake, hapa nitamwita Rajabu, ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Watoto wangu wanamwita baba mdogo. Kwa hiyo alipokuja nyumbani miezi michache baadaye, sikuwa na wasiwasi naye.

"Shemeji, ukaguzi wa magari unakaribia," aliniambia. "Gari la marehemu likiwa limesimama, namba zinafunguliwa, zinapelekwa pamoja na kadi, zinahifadhiwa mpaka mirathi iishe. Wakizikuta hapa utapigwa faini."

"Hata kama halitembei?"

"Sheria ndiyo hiyo. Mimi nikudanganye ili iweje?"

Nilichukua spana ya mume wangu nikazifungua kwa mikono yangu. Nikazifuta kwa kitambaa kile kile, nikampa pamoja na kadi ya gari. Tena nikamshukuru, nikamchemshia chai.

Siku moja ya soko nilikuwa Soni, nimekaa na matenga yangu ya karoti, nikaona pikapu ya kijani inakuja. Nikasoma namba ya mbele. Jamani, nilisimama. Kwa muda mfupi nilisahau kabisa kwamba nimefiwa, nikaanza kukung'uta vumbi kwenye kanga ili nimpokee. Gari liliponipita nikaiona ile kona iliyopinda. Aliyekuwa anaendesha ni Rajabu.

Nilimfuata alipoegesha. Hakuona hata haya.

"Shemeji, hili nililipata halina kadi, na bila kadi halikaguliwi. La kwako linaozea nyuma ya nyumba. Nimelipaka kijani lifanane na kadi, nikaazima matairi mazuri ya siku moja, likapita. Si unaiona stika?" Akacheka. "Na marehemu angefurahi, namba yake bado inatembea."

Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ninalikiri mbele yenu. Tangu siku ile akawa ananishushia karoti zangu bila kunitoza nauli, nikaogopa nikisema watoto watakula nini.

Jumanne iliyopita walikuja trafiki wawili. "Mama, gari lenye namba hii liko wapi?" Nikawapeleka nyuma ya nyumba. Gari letu liko juu ya mawe, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Afande mmoja akainama akaangalia pale pa namba, pamebaki matundu tu. Ndipo wakaniambia kwamba gari lenye namba hiyo lilikosa breki kwenye kona, likamgonga mama anayeuza mapeasi kando ya barabara, na dereva akakimbia nalo. Watu waliishika namba. Waliponiuliza namba zimekwenda wapi, nikajifanya nafukuza kuku. Wakanitaka nifike kituoni Jumatatu kuandika maelezo.

Nilikwenda hospitali kumwona yule mama. Sikumwambia mimi ni nani. Mguu wake umefungwa kuanzia pajani. Nilimwambia shikamoo, nikamnywesha uji.

"Wanasema mwenye namba ile ni marehemu," akaniambia. "Sasa mwanangu, mimi nitamdai nani? Nimeshamsamehe. Mungu ampunguzie adhabu huko aliko."

Nilimalizia kumnywesha uji uliobaki kikombeni. Hakujua kwamba alifariki zamani kabla ya ajali, anamsamehe mume wangu! Mtu ambaye akikanyaga kuku wa watu alisimama, akashuka, akabisha hodi kumtafuta mwenyewe.

Juzi Rajabu alikuja. Hakukaa. "Sema ziliibiwa. Uliamka asubuhi hukuzikuta. Ukinitaja nitafungwa, na wewe utaulizwa kwa nini uliziona Soni ukanyamaza. Shemeji, nani alimwosha mume wako? Si mikono hii?" Akaninyooshea mikono yake.

Ni kweli, ni mikono hiyo. Ndiyo iliyomlaza chini, na ndiyo iliyozifunga namba zake kwenye gari bovu.

Binti yangu Zaina ana miaka tisa. Tarakimu alijifunzia kwenye gari la baba yake, na mpaka leo akiruka kamba anaiimba ile namba. Jana nilimkataza. Akaacha kamba, akaniuliza, "Mama, kwani baba amekosa nini?"

Kesho ndiyo Jumatatu. Nikisema kweli, Rajabu atafungwa, na huenda na mimi nisirudi nyumbani kwa watoto. Nikisema ziliibiwa, aliyegonga hatajulikana, na midomoni mwa watu mume wangu atabaki yeye ndiye aliyegonga mtu akakimbia, na hawezi kuinuka kujitetea. Ndugu zangu, ingekuwa ninyi mngeandika nini kwenye karatasi ile? Niambieni kabla hakujacha.

Kitambaa chake nimekifua, nimekianika. Nitakwenda nacho kituoni, nipate cha kushika. Mkiomba dua zenu usiku huu, mtukumbuke, mimi na yeye.