Kiti Kilichopimwa kwa Futi ya Nguo

Binti yangu wa pili alikuwa na mgongo unaolia kama mlango wa stoo. Akiinuka tu, majirani wanachungulia kuona nani anaingia. Mnadhani natia chumvi? Haya, punguzeni nusu. Nusu iliyobaki nayo ilimnyima raha.

Alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare, miaka kumi na moja juu ya benchi la mbao lisilo na egemeo. Msimamizi wao aliamini egemeo huzaa usingizi. Yeye mwenyewe alikalia kiti cha kuzunguka. Nadhani kizunguzungu ndicho kilichomweka macho.

Daktari akamwambia binti yangu aache kushona. Akarudi amefura. "Mama, kazi siachi. Naacha benchi."

Akaenda palipokuwa panajengwa nyumba, akakaa kitako kwenye mchanga uliolowa, akainama kama anayeshona, akainuka polepole. Kisha akavua futi yake ya kupimia nguo shingoni, akapima shimo aliloacha mchangani: upana, kina, hadi pale kisigino kilipokanyaga. Vipimo akampelekea seremala.

"Dada, kiti hupimwa kwa meza," seremala akasema. "Si kwa makalio."

"Na suruali yako ulipimiwa kabati?"

Seremala akashika randa. Kiti kilipokamilika, kikalio chake kilikuwa cha vipande vya jinzi vilivyosukwa, kimeinamia mbele kidogo, na egemeo limening'inia kwa mikanda. Ukiinama linakufuata, ukirudi linakupokea. Nilikikalia mimi, nikasahau nina nyonga.

Jumatatu akaingia nacho kazini, kichwani.

"Malkia kaja na kiti chake," msimamizi akasema. "Chagua, kiti au kazi."

"Nimeshachagua. Vyote." Akakaa, akaendelea kutia mikono kwenye magauni ya wauguzi.

Msimamizi akaita wapakizi wawili wamtoe. Hakusimama. Wakambeba na kiti chake mpaka nje ya geti, na njiani akamaliza pindo kwa sindano ya mkono.

Akakaa hapo, kagoma. Sasa, kiwanda kizima, wa kutia mikono ikatulia begani alikuwa yeye tu. Wengine walipojaribu, mikono ikatazama nyuma. Muuguzi angevaa gauni lile, angemdunga mgonjwa wa kitanda cha nyuma yake. Na mzigo ulitakiwa kesho asubuhi. Saa tisa mchana msimamizi akatoka.

"Haya, rudi ndani. Hicho kiti kiache hapa, tutazungumza."

"Tuzungumze nini, kaka? Nilitolewa nimekaa. Nirudishwe nimekaa."

Msimamizi akatazama geti. Akatazama wanawake waliojazana madirishani, vyerehani vyote kimya. Akawaita wapakizi, akaja mmoja tu, mwenzake kaenda kula.

"Basi upande huu shika wewe," binti yangu akamwambia msimamizi. "Na taratibu, usinibamize mlangoni."

Akashika. Na uzito wa yule mtoto, alioutoa kwangu, si wa mchezo.