Wasii wa Marehemu

Fundi cherehani mmoja, aliyeitwa Mzee Pindo kwa jinsi alivyopenda kuchungulia mapindo ya nguo za watu, alikuwa na kaka mmoja tu, na kwa miaka kumi na moja hawakupikika chungu kimoja. Siku alipooa mke ambaye kaka hakumtaka, kaka alisimama mbele ya ukoo akasema, "Huyu ni mwasi." Neno lile lilimkaa fundi kama mwiba wa samaki kooni.

Kaka akafa. Wiki mbili baada ya maziko, ambayo fundi aliyasikia kwa watu, ikaja barua ya mahakama. Aliisoma akiwa kasimama, miwani imepasuka kioo kimoja: ametajwa kuwa *wasii* wa marehemu, afike asikose.

Wasii. Akasoma tena. Hajapata kuliona neno hilo, ila mwasi analijua vizuri.

"Hata kaburini hajanisamehe," alimwambia mkewe. "Sasa kanishtaki kwa serikali." Barua akaitia kwenye droo ya vifungo.

Ikaja ya pili, hakuifungua.

Mwezi wa tano baada ya maziko akaingia binti mkubwa wa kaka, kavaa nguo za kazi. "Shikamoo, baba mdogo. Mbona hukuja?"

"Nije kutukanwa?"

Fundi akamtolea barua kwenye droo, binti akaisoma. Kisha akamshika mkono, wakaenda mahakamani.

Karani wa masijala alikuwa mtu mzima karibu na kustaafu. "Neno la zamani hilo," alisema. "Vijana huandika msimamizi wa mirathi. Mimi nimezoea wasii. Limetoka kwa Waarabu, tumbo moja na wosia. Mtu akiusia, yule anayemwachia neno lake ndiye wasii. Halina undugu na uasi, mzee wangu. Huachiwi neno na mtu asiyekuamini."

Akafungua jalada. Kaka alikuwa ameandika kwa mkono wake: mdogo wangu ana ulimi mkali lakini hali cha mtu, nyumba aishike yeye, na mwanangu mdogo akae kwake.

Fundi aliomba kiti.

"Bado naweza?" aliuliza.

"Tulikungoja miezi mitatu," karani alisema taratibu. "Mahakama iliteua mwingine. Nyumba imeuzwa. Mtoto walimchukua wajomba zake."

Nje, kwenye ngazi, fundi alilia bila sauti, binti akimshikia miwani.

"Angeniambia kwa mdomo," alisema. "Kwa mdomo ningeelewa."

"Alikuona sokoni mara mbili," binti alijibu. "Alisema ulipita upande wa pili."

Ilikuwa kweli.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi fundi hupanda basi la asubuhi kwenda kwa wale wajomba, na gauni alilolishona kwa kukisia kimo. Mtoto hulipokea kwa mikono miwili. Humwamkia vizuri sana, kama anavyoamkiwa mgeni.