Ng'ombe wa Ng'ambo ya Kijito

Asubuhi Baba alipovuka kwenda kumwona ng'ombe wetu, sote tulikuwa tunacheka. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia la kanisani, mkungu wa ndizi begani, na Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Imali, unaenda kuona ng'ombe ama unaenda kuposa?"

"Nikipata mwingine ananipikianga ugali, obusuma laini kuliko wewe, sirudi," Baba akajibu bila kugeuka.

Imali ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nyumbani kwa likizo, na mwanzo huo wa miaka ya tisini nilijiona najua jiografia kuliko wazee wote wa kijiji. Mwalimu alikuwa ametuchoresha wilaya: hapa Kakamega, pale Nandi, na kule kusini wilaya mpya iliyomegwa kutoka kwetu juzijuzi. Kijito kilichopita chini ya shamba letu ndicho kilikuwa mpaka. Upande huu tulikuwa na chifu wetu na upande ule, mlima unapoanza kupanda, walikuwa na wao. Ukweli ni kwamba hata mbuzi hawakujua habari hizo. Sisi Waisukha tulipanda kule kununua mtama, Watiriki walipita na vyungu vyao, nao Wanandi walishuka Khayega siku ya soko na mursik, maziwa yao ya mgando. Watoto wa pande zote mbili waliogelea kijito kimoja.

Na tulikuwa na ng'ombe kule. Ilikuwa desturi ya wazee wetu na wao: unamweka ng'ombe wako kwa rafiki wa ng'ambo, naye anaweka wake kwako. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, hamkosi wote. Maziwa ni ya anayemlisha, ndama ni wa mwenyewe. Akifa, ngozi lazima imfikie mwenyewe. Hata akiliwa na fisi, utatafuta kipande upeleke. Madoa wetu alikuwa kwa bibi mmoja mjane tuliyemwita Kogo, maana Wanandi humwita bibi hivyo. Mwekundu wa Kogo alikuwa kwetu. Jana yake Kogo alikuwa ametuma neno kwamba Madoa yuko karibu kuzaa, na ndiyo maana Baba akaenda.

Moshi tuliuona saa ya chakula cha mchana.

Kwanza ulikuwa mmoja, juu kabisa mlimani. Tukadhani mtu anachoma makaa. Halafu ukaja wa pili, karibu. Halafu ukatokea mwingine upande wetu.

Mtu akapita mbio akipiga kelele, "Mikuki! Mishale! Kimbieni!"

Mama hakupiga ukemi. Alinipa blanketi na sufuria, akaenda kumfungua Mwekundu.

"Mama, wacha ng'ombe!"

"Shika kamba."

Tulikimbia na ng'ombe wa watu. Nyuma yetu nyumba ya jirani ilianguka kwa sauti ambayo sitaisahau.

Baba hakuwa amerudi.

Tulifika kanisa moja karibu na Khayega, tukakaa uwanjani na watu wa vijiji vingi. Nani alianza, mimi sijui, na anayesema anajua simwamini. Najua kwamba nyumba zilichomwa pande zote mbili, na kwamba baadhi ya vijana wetu waliorudi kambini walinuka moshi ambao haukuwa wa nyumba zao.

Kila aliyeshuka kutoka mlimani, Mama alimwuliza kuhusu mwanamume mwenye koti la kahawia. Hakuna aliyemwona. Baadaye wengine walianza kumkwepa.

Njaa ilipozidi, Baba Mdogo, yaani ndugu yake Baba, alikuja na wanaume kadhaa na panga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, toa huyo ng'ombe. Watu hawajala. Na huyu ni wa wale waliotumalizia ndugu."

Mama alikuwa anakamua. Maziwa ya Mwekundu alikuwa akiyagawa kwa akina mama wenye watoto wachanga, kikombe kwa kikombe. Hakuinuka.

"Huyu ni wa Kogo. Kogo hajanikosea."

"Wee! Bado unamtetea? Mume wako yuko wapi?"

"Yuko kwa Kogo," Mama akasema. "Tukimla huyu ng'ombe, nitavuka kijito na mdomo gani kumwulizia bwana yangu?"

Baba Mdogo aliinua panga, sijui kama ni kwa ng'ombe au kwa hasira tu. Mama aliweka sufuria chini, akasimama, akamkumbatia Mwekundu shingoni. Mwanamke mfupi yule! Shuka yake ilikuwa imechanika, miguu mitupu, na wanaume wale wote walimtazama. Ndipo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja akasimama kando yake, kisha mwingine. Baba Mdogo akatema mate, akaenda zake. Jioni hiyo tulikula sukuma wiki bila chumvi. Mimi, kusema kweli, ningemla yule ng'ombe. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na chuki, na Mama nilimwona mjinga.

Tulirudi nyumbani mvua zilipoanza, tukajenga kibanda penye majivu. Askari walikuwa wamewekwa darajani. Watu wa pande mbili hawakuvuka, hata kwa salamu. Wazee walisema tuzike mgomba mahali pa Baba, kama tunavyofanyanga mtu asipopatikana. Mama akasema wangoje.

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu siku Kogo alipokuja. Alivuka mchana, peke yake, mbele ya macho ya kila mtu. Kichwani alikuwa na ngozi iliyokunjwa, na mkononi kamba ya mtamba mdogo mwenye madoa. Vijana waliokota mawe. Hakuwatazama.

Mama aliiona ngozi, akakaa chini pale pale penye matope.

"Ng'ombe yenu ilikufa," Kogo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nimeleta ngozi. Hii ni mtoto yake. Nilimlea na maziwa ya mbuzi."

Akaikunjua ngozi. Ndani mlikuwa na koti la kahawia, limefuliwa, lenye kifungo kimoja ambacho Mama alikuwa amekishona kwa uzi mwekundu.

"Nilimwambia kimbia," Kogo akasema. "Akasema, miguu ya ndama imetoka, ngoja kidogo. Akavuta. Ndama akatoka. Ndiyo mishale ikakuja."

"Ulimweka wapi?"

"Nyuma ya zizi yangu. Watu yangu wakinikataza kuzika, nikasema huyu ni mgeni yangu. Nililaza yeye akiangalia huku kwenu."

Mama akalia sasa. Alilia kwa sauti, akimshika Kogo miguu, na Kogo naye akalia, na mawe yakaanguka kutoka mikononi mwa vijana moja moja. Baba Mdogo akaenda akamfungua Mwekundu, akamfikisha kwa Kogo mwenyewe, hadi ng'ambo, bila kusema neno. Mtu wa maneno yule!

Sasa mimi ni mwanamke mwenye wajukuu, na ramani imechorwa upya tena na tena. Hapa sasa ni kaunti, na kule ni kaunti. Kaburi la Baba bado liko upande ule. Uchungu wake haujapungua. Tumeuzoea tu, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Lakini yule mtamba alipozaa mara ya kwanza, Mama alimpeleka ndama wake ng'ambo, akamweka kwa Kogo. Watu walisema amerukwa na akili. Kogo amekufa, na leo ni binti yake anayewalisha ng'ombe wetu. Wa kwake tuko naye hapa.

Mama ni mzee sasa na anatembea kwa fimbo. Siku nyingine naamka namkuta amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, ameshika mkungu mdogo wa ndizi.

"Mama, unaenda wapi na nguo hizo?"

"Kuona ng'ombe," anasema, na anashuka kijitoni.