Soksi Nyembamba za Njia ya Mlimani

Mwaka wangu wa tatu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilianza kuuza magauni ya watoto katika vijiji vya nyuma ya milima ya Dowa. Cherehani nilikuwa nayo na vipande vya kitenge sikuvikosa, lakini kambini mafundi tulikuwa wengi kuliko watoto wa kuvishwa. Jirani yangu, mama wa Kiislamu kutoka Kindu aliyekuwa akinunua maharagwe hukohuko vijijini, akaniambia, "Mudogo wangu, hapa tunauzishana sisi kwa sisi. Kuja tutembee." Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, kwa kuwa alinizidi umri, na kwa kuwa hakubakiwa na mdogo mwingine wa kumwita hivyo.

Safari ya kwanza ilinimaliza. Nilivaa buti za kiume nilizopewa kanisani, na ndani yake soksi nene za pamba. Tulitoka kulipopambazuka, majani yamejaa umande, na kabla hatujaupanda mlima wa kwanza soksi zilikuwa zimelowa chapachapa. Niliporudi nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili na jingine chini ya dole gumba. Mimi ni mtoto wa Bukavu, mji wa kupanda na kushuka, nilidhani miguu yangu inajua milima. Yaya aliniosha kwa maji ya chumvi bila kunicheka.

"Ngozi yako inapigana na kiatu," alisema. "Weka soksi nyembamba chini, ingine juu. Soksi na soksi zipigane, we ukae na amani."

Wiki iliyofuata alikuwa na shughuli Lilongwe, akanipeleka soko la Tsoka, kwenye marundo ya kaunjika, nguo kuukuu zinazotoka ng'ambo. Sikujua kwamba kuchagua soksi ni kazi. Yaya aliigeuza kila moja ndani nje na kupitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Penye uvimbe, aliitupa. Alitia mkono ndani kama glavu, akakunja ngumi, akatazama kama kitambaa kinafanya makunyanzi. Za pamba hakuzigusa kabisa, akasema pamba inakunywa jasho na haitapiki. Alitaka zile laini, nyembamba, za kuteleza, zinazokauka ukizipungia upepo tu.

Soksi zile zilinitia ubaridi. Nyingine zilikuwa bado zimeshika umbo la mguu, kisigino kimejaa, vidole vimeachana, kana kwamba mwenyewe ametoka humo sasa hivi na amesimama pembeni akingoja zake. Yaya aliniona nimesita. "Utazifua mara mbili," alisema. "Na uzianike juani, ndani ikiwa nje."

Tulipata jozi mbili. Ya kwanza ilinikaa sawasawa. Ya pili, ya kijivu, ilikuwa ndefu kidogo. Yaya alinikataza, lakini rangi ilinipendeza, nikaibeba.

Ushauri wake ulikuwa wa kweli. Nilitembea mwezi mzima bila lengelenge hata moja. Kisha ukaja mwezi wa saba na ile mvua nyepesi ya baridi inayoitwa chiperoni, inayoficha milima siku nzima. Asubuhi moja jozi yangu nzuri ilikuwa haijakauka, nikavaa ile ya kijivu.

Tuliondoka wawili, yaya mbele na beseni lake kichwani, mimi nyuma na furushi la magauni. Juu mlimani ukungu ulitushukia hata nikawa namwona yeye tu, mgongo wake, kitenge na beseni. Nilimfuata hivyohivyo kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeacha kuongea, kupanda kulitumaliza pumzi. Nakumbuka nilisikia hatua zangu mwenyewe tu zikikanyaga changarawe, nikawaza kwamba yaya anatembea kimya sana leo.

Soksi ya kushoto ikaanza kujikunja chini ya kisigino. Nilivumilia hatua kadhaa. Pakaanza kuwaka moto, na moto ule niliujua, ukiupuuza mara moja tu ngozi inainuka.

"Yaya, ningojee kidogo," nilisema. "Soksi imejikunja."

Alisimama. Hakujibu wala hakugeuka. Niliketi kwenye jiwe, nikavua buti, nikainyoosha soksi na kuivuta hadi vidoleni. Kila nilipoinua macho alikuwa palepale, beseni limetulia kichwani. Nilimtania kwamba kama ningemsikiliza kule Tsoka, tusingekuwa tumesimama hapa. Hakucheka.

Mkono ukanishika bega kutoka nyuma.

"We, unasemesha nani?"

Alikuwa yaya, beseni amelikumbatia kifuani, anahema. Alikuwa ameingia porini kujisaidia, akaniita nimngoje, lakini mimi nilikuwa nimeshapita. Niligeuka mbele kumwonyesha. Palikuwa na ukungu tu.

Yaya alitamka bismillahi kwa sauti ya chini. Alichukua jiwe dogo akalitupa mbele yetu, pale nilipokuwa nikielekea. Ulipita muda kabla hatujalisikia likigonga, mbali chini. Tulisogea tukiwa tumeshikana mikono, tukakuta ardhi imekatika. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebomoa ukingo, na njia yenyewe ilipinda kushoto, hatua chache nyuma ya jiwe nililokalia.

"Tupite huku," alisema. "Na usiangalie tena nyuma."

Tulifika kijijini jua likianza kutoboa. Mwanamke mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alitutazama tukiingia uani, kisha akatazama njia tuliyojia.

"Mnzanu uja ali kuti?" aliuliza. Mwenzenu yule yuko wapi?

 Yaya ndiye aliyejibu, haraka, kwa Kichewa chake cha sokoni, kwamba mwenzetu amerudi. Kisha akatua beseni na kuuliza habari za maharagwe.

Magauni yaliuzika yote siku ile. Tulirudi kwa barabara kubwa, mzunguko mrefu sana, na baada ya hapo hatukuitumia tena njia ya mlimani. Jambo lile hatukulizungumza. Nilijiambia ni ukungu na uchovu, na kwamba yule mwanamke alituhesabu vibaya.

Miaka ikapita. Nilihamishia cherehani Lilongwe, na yaya akapata safari ya kwenda kuishi nchi ya baridi. Nilirudi Dzaleka kumuaga. Tulikaa mlangoni juu ya mabegi yake, tukingoja gari, nikamuuliza kama anaikumbuka asubuhi ile.

"Nilimuona," alisema.

Nilimwambia kwamba aliniuliza nasemesha nani.

"Nilikuuliza kusudi ugeuke. Nilikuwa nyuma yako kitambo, nakuita, hausikii. Ni miguu yake njo nilikuwa naangalia."

"Ilikuwaje?"

Alitengeneza mtandio wake. Gari lilikuwa linapiga honi barabarani, na watoto wa jirani walishaanza kubeba mabegi.

"Bado unatembea sana kwa mguu?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo.

"Basi acha nisikuambie," alisema, akanikumbatia, akaenda kupanda gari.