Kitabu Chenye Matope cha Mwalimu Paskalina

Ninyi mliosoma na mimi kule Bonga, tukikalia matofali kwa sababu madawati hayakutosha, mnamkumbuka Mwalimu Paskalina? Nani atamsahau! Walimu wengine waliingia darasani na chaki na fimbo. Yeye aliingia na kapu la magunzi, vifuniko vya soda, mbegu za maboga na vipande vya kamba, na juu yake kitabu cha kutengeneza zana za kufundishia, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kila ukurasa ulimtaka mwalimu atengeneze kitu. Hesabu tulijifunza kwa magunzi, na hadi leo nikijumlisha kichwani nayaona yakihama kutoka fungu hili kwenda lile.

Nyumbani tulirudi sare zimechafuka hadi kwenye kola. Mama alinishika sikio: "Nimekupeleka kusoma au kufyatua matofali?" Lakini tukikaa kula ugali kwa perege, ni yeye aliyemwambia baba, "Hebu msikilize mwanao anavyoeleza!"

Mwalimu mkuu hakulipenda kapu lile hata kidogo. Alisema shule imegeuka jalala. Habari zilipofika kwamba mkaguzi anakuja, alimwambia Mwalimu Paskalina mbele yetu, "Mkaguzi asipoona cha maana, kitabu hicho kinafungiwa stoo, na wewe unarudi kwenye ubao kama wenzako." Mwalimu wetu akajibu tu, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Sisi tuliumia jamani. Tulijua maana yake: kunakili ubaoni mpaka kengele, kila siku.

Basi tukaamua kutengeneza ramani ya wilaya yetu ya Babati. Kitabu kilisema tutumie magazeti ya zamani na gundi ya unga wa mahindi uliopikwa. Tukapika uji mzito, tukalowanisha magazeti, tukaujenga Mlima Kwaraa juu ya ubao mpana na kulipaka ziwa rangi ya bluu. Rafiki yangu Safari akatengeneza kiboko wa ziwani mkubwa kuliko kata yote ya Bagara. Mwalimu akasema aachwe vilevile, kwani anayechota maji pale ndiye anayejua ukubwa wa kiboko. Kisha tukaianika ramani nje ikauke. Hapo ndipo akili zilipotutoka. Mji umejaa mifugo, halafu unaanika uji uani!

Asubuhi ya ukaguzi tukakuta mbuzi wa jirani wamekula wilaya nzima. Mlima hakuna. Mmoja alikuwa bado anatafuna Maisaka, anatutazama bila haya. Safari aliangua kilio, nami nikamfuata.

Mwalimu Paskalina alipekua kitabu chake, akakifunga. "Nendeni kwenye shimo la matofali mlete udongo," alisema. "Mbuzi hali udongo."

Weee, tulikimbia! Ndoo, masufuria, masweta, vyote vilibeba. Tukaijenga Babati upya palepale chini, mbele ya ofisi, mlima ukanifika kiunoni. Upande mmoja tukachomeka majani yawe miti, upande wa pili tukauacha wazi. Mkaguzi alifika tukiwa na matope hadi viwikoni. Mwalimu mkuu akashika kichwa.

"Hii ni nini?" mkaguzi akauliza.

Nilichukua jagi nikamwaga maji kileleni. Upande wenye majani, maji yalishuka polepole yakaingia ziwani yakiwa safi. Upande ulio wazi yaliporomoka na udongo, yakamfukia kiboko wa Safari mpaka masikio. "Tukikata miti ya mlimani, ziwa letu linajaa matope," nikasema.

"Mwaga tena," alisema mkaguzi. Nikamwaga. Kisha akakunja mikono ya shati, akalichukua jagi, akamwaga mwenyewe. Alipomaliza akaomba kukiona kitabu, akakishika kwa vidole vyake vya matope, na kumwambia mwalimu mkuu, "Hiki kisiingie stoo. Kila mwalimu hapa akisome." Tulishangilia mpaka mbuzi wakakimbia!

Leo na mimi ni mwalimu, hapa Maisaka. Walimu vijana huniuliza wanunue vitabu gani. Nawaambia watafute cha zana, cha michezo ya kuhesabu na cha bustani ya shule, na wakifungue dukani kabla ya kulipa. Kikikutuma kutafuta kamba, mbegu au udongo, chukua. Kikikutaka ukae tu, kirudishe. Wao wananijibu, "Mwalimu, si ututumie tu kwenye simu?" Haya, simu hiyo utaishika na matope?

Watoto wa siku hizi wanarudi nyumbani na soksi nyeupe, nami naona huruma. Mwalimu Paskalina alipostaafu alinipa kitabu chake, na muhula uliopita nilimwazima binti mmoja aliyeajiriwa juzijuzi, asiyeachana na simu. Moyoni nilisema kitarudi kama kilivyoondoka, hata hakijafunguliwa.

Akaja nacho ofisini ameinamisha kichwa. "Shikamoo Mwalimu. Naomba unisamehe, kimechafuka."

"Marahaba," nikasema, nikakifungua. Kwenye ukurasa wa ramani, kando ya alama za vidole vyetu zilizokauka miaka yote hiyo, kulikuwa na alama za vidole vidogo vya wanafunzi wake, matope bado mabichi. Nilipiga vigelegele ofisi nzima ikasimama.