Jiwe la Tatu la Zekeriya

"Mimi nikirusha jiwe kutoka ukuta ule wa juu, samaki wataniamkia!"

Zekeriya alitangaza hayo siku ya harusi yake mwenyewe, kampokonya mpiga zumari kipaza sauti, mbele ya watu wa ngomeni, ile ngome kongwe ya mlimani, waliomwoza binti yao shingo upande. Yeye alikuwa mkulima wa ndizi kule bondeni. Na watu wa ngomeni, ambao hawana kitu ila mandhari, huwadharau wa bondeni wenye kila kitu ila mandhari. Shemeji yake Bedri akapiga makofi.

"Mdomo tumeuona, shemeji. Mkono tutauona lini?"

Hawakuuona. Kila mwaka palikuwa na sababu: bega, upepo, ndizi. Zekeriya akazeeka, mdomo ukabaki kiungo chake pekee kisichouma.

Wenyeji wa Alanya, mji huu wa pwani ya Uturuki, husema kwamba zamani mfungwa wa kunyongwa alipandishwa kwenye ukuta ule akapewa mawe matatu. Moja likifika baharini, yuko huru. Yasipofika, aliyafuata. Siku hizi wageni hurusha huku wakipigana picha. Ukiwa chini utaapa kwamba ukuta umesimama juu ya maji. Ukifika juu ndipo unapoona miamba imejitokeza mbele kama taya la bibi kizee.

Sasa mkewe, Naciye, alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema unakatika, mradi wasichelewe. Naciye akagoma. Mama yake aliingia chumba cha upasuaji akitembea, akatoka amefunikwa shuka. Zekeriya alibembeleza, akafoka, akajifungia bafuni akalia huku bomba likimwaga maji, kana kwamba mke hajui kilio cha mumewe. Asubuhi moja mezani Naciye akasema:

"Nipeleke kwetu juu, unirushie mawe yangu matatu. Moja likigusa maji, naenda kukatwa. Yasipogusa, hospitali usinitajie tena."

"We mwanamke umechanganyikiwa!"

"Umetamba tangu harusini. Au ulinioa kwa uongo?" Akamsogezea mkate. "Weka mkono. Apa."

Kwao kiapo cha mkate hakivunjwi. Mtu anaweza kudanganya serikali, mama mkwe na hata imamu, lakini si mkate. Zekeriya akaweka mkono.

Basi liliishia langoni mwa ngome. Kutoka hapo akambeba Naciye mgongoni, ngazi kwa ngazi, akiogopa kusema jinsi alivyokuwa mwepesi. Bedri, anayeuza chai pale langoni, akaacha birika lake akawafuata na kigoda.

"Punda wa bondeni hata uzeeni anafaa," alisema Bedri.

"Koma, Bedri," Naciye akajibu kutoka juu. "Huyu punda wangu namsema mimi."

Wakamkalisha karibu na ukuta. Macho ya Naciye yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Bahari yote kwake ilikuwa weupe tu. Akainamisha kichwa, akatega sikio.

Jiwe la kwanza: ko!

"Mwamba," Naciye akasema.

Zekeriya akavua koti. La pili lilikwenda, bega likalia, kisha huko chini: ko, ko-ko.

"Hilo limefika mbali, dada," Bedri akajaribu.

"Mbali si baharini."

La tatu Zekeriya alilibusu, akaligusisha kwenye paji la uso, akalirusha kwa nguvu zote alizobakiza. Upepo ukalichukua. Bedri, aliyekuwa amechungulia, aliliona likizama katika kichaka kilichoota katika ufa wa mwamba, kimya kabisa. Hakuna ko. Bedri akageuka, akafumbua mdomo.

Zekeriya akamtangulia.

"Limeingia! Naciye, limeingia! Nimesikia chubwi kwa masikio yangu!"

Bedri akafumba mdomo, akatazama viatu vyake.

Naciye alitabasamu, tabasamu ambalo Zekeriya angefurahi zaidi kama lingekuwa kofi.

"Mume wangu, mimi nimezaliwa hapa. Usichana wangu wote nimelala dirisha wazi. Mwamba wa huku unasema, lakini maji ni bubu. Hakuna aliyewahi kusikia chubwi kutoka ukuta huu."

"Lakini mimi nime…"

"Mkate, Zekeriya."

Akambeba tena.

Walipokwisha kumkalisha Naciye ndani ya basi, Bedri alimvuta shemeji yake pembeni. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Ningemwambia nimeliona likiingia majini. Macho yangu anayaamini. Ungefunga huo mdomo pumzi moja tu, shemeji. Moja!"

Nyumbani Zekeriya aliomba, akapiga magoti. Kila alipofika kwenye neno hospitali, Naciye alionyesha kapu la mkate kwa kidole. Baadaye hata kidole hakikuinuka. Alikufa kabla machungwa hayajaiva, kwa maumivu ambayo majirani waliyasikia wakaongeza sauti ya televisheni.

Halua ya msiba ilipikwa, watu wakajaa uani. Waliozoea kumsikiliza Zekeriya walikaa wakisubiri aseme chochote. Alikula walichompa. Bedri alimmiminia chai, naye akaiacha ikapoa.

Ndizi hazijui matanga. Zilikuwa zimekomaa, akazikata, akazipeleka soko la jumla. Mnunuzi alivua kofia, akampa pole, kisha akataja bei ya kutupa. Zamani Zekeriya angemtukania mizani, babu yake na gari lake. Siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu.

Lira ishirini na tano kwa kilo.