Kioo cha Nyuma Kilichokausha Chisense

Mwezi Januari tawi la mparachichi liliangukia gari langu, likavunja kioo cha nyuma na lisiguse kitu kingine. Majirani walinipongeza kwa bahati. Hawayajui magari haya. Langu ni la Kijerumani, la zamani, la milango miwili, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na giya za mkono. Injini, breki na bushi zake ni zilezile za ndugu yake wa milango minne, kwa hiyo ukitafuta kwa subira utazipata. Kioo cha nyuma ni habari nyingine. Paa la milango miwili huteremka kwa mlalo wake lenyewe, na kioo chake hakiingii gari jingine lolote. Sisi tunaoyapenda magari haya huyaita kupe. Mke wangu naye huliita langu hivyo, ila yeye anamaanisha yule mdudu wa ng'ombe.

Tuna kundi letu la simu, wenye kupe kutoka Mbeya hadi Lubumbashi, ambamo tunatumiana picha za vipuri na kufarijiana. Huko ndiko nilikompata Papa Bijou, Mkongomani anayeishi Kashikishi, karibu na Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Alikuwa na kupe kama langu, halitembei tena. Alinitumia picha ya kioo cha nyuma. Niliikuza picha hiyo nikasoma alama ya kiwanda pembeni, nikakagua kingo zote, nikaona hakina ufa. Ndani ya kioo kulikuwa na mng'ao wa fedha ambao niliuchukulia kuwa ni jua. Tukapatana bei kwa simu. Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, nikafunga duka langu la kutengeneza majokofu na kuondoka.

Mbeya, alfajiri. Mahali pa kioo niliweka nailoni nzito, nikaibana pande zote kwa utepe wa gundi. Kazi hii haitaki haraka. Gari lisilo na kioo cha nyuma huvuta moshi wake lenyewe ndani, na dereva huanza kuumwa kichwa bila kujua sababu. Nilikagua maji ya rejeta, oili, mikanda na upepo wa matairi, na la ziada pia. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Unakwenda nchi nyingine kwa ajili ya kioo," alisema.

"Ndiyo."

"Nami nikikuomba unipeleke Tukuyu, unasema gari linahitaji kupumzika."

Nikawasha injini.

Tunduma na Nakonde. Mpaka ulipitika kwa foleni ya kawaida. Baada ya hapo nilishika njia ya Mbala, kisha nikateremka kusini hadi Kasama. Gari la namna hii huendeshwa kwa macho mawili: moja barabarani, kwa kuwa tumbo lake liko chini na halisamehe mashimo, na jingine kwenye mshale wa joto. Watu husema magari ya Kijerumani ya zamani yana maringo. Kwa uzoefu wangu yana uwazi. Mshale ukipanda kidogo, simama sasa, usisubiri. Siku ile haukupanda. Nililala Kasama nikiwa na vumbi masikioni, kwa sababu nailoni huzuia mvua kuliko inavyozuia vumbi.

Luwingu, asubuhi. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alilizunguka gari langu polepole. Nilimsalimia kwa maneno machache ya Kibemba ninayoyajua: "Mwapoleni mukwai." Akaitikia kwa furaha, akaigonga nailoni kwa kidole. Aliniuliza kwa Kiingereza kama ndivyo Wajerumani walivyolitengeneza. Nikamwambia ninakwenda Nchelenge kuchukua kioo. Alicheka, akaniruhusu kupita, akasema nikirudi bila kioo tutaongea vizuri zaidi.

Mansa, Mwense, Mwansabombwe. Nilichagua kuzunguka kwa Mansa kwa sababu ya lami. Baada ya Mansa barabara hufuata bonde la Mto Luapula kwenda kaskazini. Mihogo imeanikwa kando ya njia, baiskeli zimebeba magunia ya mkaa, na kila kijiji kina matuta yake, ambayo nilikuwa nikiyavuka kwa mshazari, tairi moja moja, huku wapita njia wakinitazama kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Kisha bonde likafunguka, ziwa likatokea upande wa kushoto, jeupe, pana kuliko nilivyotarajia.

Kashikishi, alasiri. Papa Bijou alinipokea barabarani kwa mikono miwili. Ni mtu mnene, mcheshi, anayefanya biashara ya vitenge na sabuni kati ya pande mbili za ziwa.

"Yaya wa Tanzanie! Karibu, karibu kabisa!" Yaya, kwao, ni kaka. Akaliangalia gari langu. "Eh! Iko inatembea! Yangu ililala zamani."

Alinieleza jinsi lake lilivyofika. Lilitoka Lubumbashi likiwa na usukani wa kushoto kama magari yote ya Kongo, likavushwa ziwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja. Injini ikafa kwa joto mwaka wa pili, akaiuza. Alinipeleka nyuma ya nyumba. Kupe lilikuwa juu ya matofali, mahali pasipo na kivuli chochote, rangi imepauka, vioo vinang'aa kwa kupanguswa. Nilishangaa kuona gari bovu lenye vioo safi namna ile. Nikafungua mlango.

Joto lilinipiga usoni, na harufu ikafuata. Viti havikuwamo. Mahali pake zilipangwa trei za matete, moja juu ya nyingine, na juu ya kila trei walilala chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, kwa maelfu, wakimetameta. Ule mng'ao wa fedha niliouona kwenye picha haukuwa jua.

Kabla sijauliza, mwanamke mrefu aliingia uani na beseni kichwani. Alikuwa Mama Bijou, mke wa mwenyeji wangu.

"Karibu, yaya. Unakuja kuona ziwa?"

Papa Bijou alikohoa, akakionyesha kioo kwa kidevu. "Amekuja juu ya vitre."

"Vitre gani?"

"Ile ya nyuma."

Alilitua beseni chini. "Ya furu yangu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba gari lile halikuitwa gari tena. Liliitwa furu, yaani tanuri, na mwenye tanuri hakuwa aliyeniuzia.

"Uliuzisha kichwa ya furu yangu kwa telefone?" alimuuliza mumewe. "Mvua iko inanyesha, na wewe unauzisha paa? Kesho utauzisha nini, Papa Bijou? Meno yangu?"

"Mais chérie, ni motokari yangu..."

"Motokari inatembea. Hii inatembea?"

Jirani mmoja alicheka nyuma ya ua wa matete. Papa Bijou akatazama ziwa kana kwamba kuna mtu anamwita.

Mama Bijou alinieleza bila hasira, na nilimwelewa mara moja. Wanawake wengine huanika chisense juu ya mchanga. Kiangazi ni sawa, lakini mvua zikianza samaki huoza mikononi mwao. Yeye aligundua kwamba kupe, kwa kioo chake kirefu kilicholala kuelekea jua, hukausha samaki siku hiyohiyo hata mawingu yakipitapita. Marufuku ya kila mwaka ya uvuvi ilikuwa imekwisha, samaki ni wengi, na hii ndiyo miezi michache ambayo wanunuzi wa Mansa wanamtafuta yeye kwanza. Kioo kikiondoka, anarudi mchangani pamoja na wengine.

Nilikula ugali wa muhogo na samaki wa kuchemsha. Nilikuwa nimekagua alama ya kiwanda, kingo na mlalo. Sikuwa nimeuliza kama kuna mtu anakitumia.

Asubuhi ya pili nilitembea hadi stendi ya mabasi madogo ya Mansa. Karibu na hapo kuna gereji, na nyuma ya gereji kulikuwa na vioo vya mbele vya mabasi hayo, vimeegemezwa ukutani. Vioo vya namna hiyo viko kila mji. Nilipima kimoja kwa kamba, nikarudi kuzungumza na Mama Bijou. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi wa majokofu, na kazi yangu yote ni kuhamisha joto na unyevu kutoka mahali hadi mahali. Kioo cha basi ni kikubwa zaidi, nikasema, kitaingiza jua zaidi.

"Samaki haikule maneno," alinijibu. "Nionyeshe. Tutaweka samaki ya leo. Kama inavunjika sawa biscuit, utabeba vitre. Kama inapindika, utarudisha yangu pa fasi yake na utaenda na plastike yako. Na vitre yangu itangojea pa kitanda yangu. Usiisogeze karibu na motokari yako."

Tulikubaliana, nikaenda kukinunua kioo cha basi. Nilikitoa kioo cha kupe taratibu, nikikata mpira wa zamani kwa kisu, tukakilaza juu ya godoro lake kama mgonjwa. Kioo cha basi hakikukaa. Kimepinda kwa namna tofauti, na juu kikaacha nafasi ya upana wa kiganja. Nilitengeneza fremu ya mbao chini na pembeni, nikaziba kwa udongo. Papa Bijou akachota udongo mwingine ili azibe na juu.

"Acha," nilimwambia. "Hewa yenye unyevu lazima itoke mahali." Nikaifunika nafasi ile kwa kipande cha wavu kuzuia inzi, kisha nikafungua tundu za hewa mbele, chini ya dashibodi. Mama Bijou alinitazama, akapanga trei.

Saa sita mawingu yalikuja kutoka upande wa Kongo. Mvua ikapiga fupi, nzito. Nilisimama mlangoni nikaona maji yakiteleza juu ya kioo na machache yakidondoka kwenye wavu. Kisha jua likarudi, na ua wote ukaanza kutoa mvuke.

Alasiri Mama Bijou alifungua mlango. Hakuchukua samaki wa juu, ambaye hata mtoto angejua amekauka. Aliingiza mkono hadi trei ya chini kabisa, katikati, akatoa mmoja, akamkunja.

Alipinda.

Papa Bijou aliguna. Mimi nilianza kufikiria jinsi ya kurudisha kioo chake bila mpira mpya, kwa kuwa mpira niliokuja nao ulikuwa wa gari langu. Nikaamua ningeutumia huo. Niliufuata garini.

"Unaenda wapi?" aliniita Mama Bijou.

"Kurudisha kioo chako. Amepinda."

"Saa hii ya siku ya mvua, kwa vitre yangu ya kale, samaki ya chini nayo inapindika. Ngojea kidogo."

Mumewe akapiga makofi. "Ungemwambia bongo tu, vitre ingebakia!"

Bongo, kwa Kiswahili cha huko, ni uongo. Mama Bijou alimgeukia. "Mimi nauzisha samaki. Siuzishe bongo. Hiyo ni biashara yako."

Tulingoja. Aliniletea kiti, akaketi mwenyewe juu ya beseni lililopinduliwa, akaniuliza habari za mke wangu na kama hanikemei kwa ajili ya gari. Nilipomwambia jina ambalo mke wangu analiita gari hilo, alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Kisha akainuka, akaingiza mkono palepale chini.

Tuliusikia mlio. Ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu. Akavunja wa pili na wa tatu, akanipa mmoja nile.

"Beba vitre yako," alisema.

Kukiweka kioo katika gari langu kulihitaji mikono yote. Njia ni hii: mpira huvalishwa kioo kwanza, kamba nyembamba huzungushwa kwenye mfereji wa mpira, halafu mmoja anasukuma kioo kwa nje na mwingine anavuta kamba kwa ndani, na mdomo wa mpira unapanda juu ya bati kidogo kidogo. Kamba yetu ilikuwa uzi wa nyavu na mafuta yetu sabuni ya Papa Bijou. Yeye ndiye aliyeanza kuvuta, kwa nguvu zake zote.

"Polepole!" mkewe alimkaripia. "Unafikiri ni mamba? Toka mule." Akaingia yeye, akavuta uzi inchi kwa inchi, akinitazama kupitia kioo ili twende pamoja. Kilipokaa, alikigonga kwa kifundo cha kidole upande wa ndani, nami nikakigonga kwa nje.

Asubuhi ya kuondoka nilifungiwa mfuko wa chisense kwa ajili ya mke wangu. Njia ilikuwa ileile, gari likawa jingine. Vumbi halikuingia, nailoni haikupiga kelele, na kwa mara ya kwanza tangu Januari niliisikia injini yangu peke yake, silinda zote sita, kutoka Mansa hadi Kasama. Askari wa Luwingu alikuwa palepale. Alipangusa kioo kwa mkono wake, akanusa vidole, akaniuliza nimebeba samaki kiasi gani.

Harufu haijatoka kwenye kioo hadi leo. Nimekiosha kwa sabuni, siki na ndimu. Niliporudi, mke wangu alikaanga chisense wote kwa nyanya, akasema safari hii angalau ilileta kitu, na Jumapili iliyofuata nilimpeleka Tukuyu bila kutaja habari ya gari kupumzika. Mama Bijou alinitumia ujumbe wa sauti: kioo cha basi kinakausha vizuri, na sasa jirani yake wa ua wa matete anamtafutia mumewe gari bovu, naye apate furu. Mtu akiandika kwenye kundi letu kwamba amepata kipuri mahali fulani, wenzangu huuliza bei na hali yake. Mimi huuliza kwanza ni nani anakitumia sasa.

Kila nikiegesha mtaani kwetu, paka hupanda juu ya buti, wakakaa mstari mmoja, wakakitazama kioo kwa subira.